Ua Likinyauka, Kitunguu Ndiyo Kwanza Kinaanza Kazi

Kila Januari naliona jambo lile lile kwenye mapipa ya taka ya mtaani kwetu: chungu cha plastiki, mchanga ungali na unyevu, na ndani yake kitunguu cha ua la amarili, kinene kama ngumi ya mtu mzima, kimetupwa pamoja na majani yake mawili mabichi. Mwenyewe alikinunua Desemba kikiwa na tumba, kikachanua maua manne mekundu yenye midomo kama tarumbeta, sebule ikapendeza, wageni wakauliza limetoka wapi. Kisha maua yakalegea, yakawa kama karatasi iliyorowa, na mwenye nyumba akaona shughuli imekwisha. Mara mbili nimeviokota vitunguu hivyo. Vyote viwili viko barazani kwangu mpaka leo, na kimoja kimekwisha kuzaa watoto watatu.

Wako wasiotupa. Hao huchukua simu wakatafuta maelekezo, na maelekezo huwaambia hivi: ifikapo Septemba acha kumwagilia, kipeleke kitunguu kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi 13, kiache gizani wiki 8 hadi 10. Sasa niambie, Mombasa nyuzi 13 utazipata wapi? Usiku wa baridi kabisa wa Julai, ule tunaojifunika shuka mbili na kulalamika, kipimajoto kinasoma karibu na nyuzi 20. Na hicho chumba cha chini ya ardhi, labda ukaombe nafasi Fort Jesus.

Maelekezo hayo si ya uongo. Yameandikwa na watu wa Uholanzi na Uingereza kwa ajili ya nyumba za Uholanzi na Uingereza, na huko yanafanya kazi. Kwetu kinachotakiwa ni kujua kila agizo lina sababu gani, kisha kuitafuta sababu hiyo katika hali ya hewa ya hapa, yenye kaskazi, kusi, masika na vuli.

Jina lenyewe lina mchanganyo

Ua hili tunaliita amarili. Wauza miche wa kando ya barabara upande wa Nyali na Bamburi nao huliita hivyo, au husema tu "ua la kitunguu". Wataalamu wa mimea wanaliita Hippeastrum, na asili yake ni Amerika Kusini: Brazili, Peru, Bolivia na majirani zao. Amarili ya kweli, kwa jina la kisayansi, ni ua jingine kabisa la upande wa Rasi, huko Afrika Kusini. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyaweka yote kapu moja mwaka 1753. Mwaka 1821 kasisi wa Kiingereza, William Herbert, akayatenga haya ya Amerika na kuyapa jina lao, lenye maana ya nyota ya mpanda farasi. Ubishi haukuisha hapo. Ulikwenda mpaka 1987, ndipo kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea likaamua kwamba jina amarili ni mali ya ua la Afrika Kusini.

Nayataja haya kwa sababu yana madhara barazani. Amarili ya Rasi huchanua ikiwa uchi, haina hata jani moja. Majani yake hutoka baadaye. Mtu akisoma maelezo ya ile akayatumia kwa hii yetu, ataamini kwamba majani ni ziada, kitu cha kuondolewa ili ua lipate nafasi. Kwa hii yetu ni kinyume kabisa. Humu ndani nitaendelea kuiita amarili kwa sababu ndilo jina la sokoni, lakini jua kwamba nazungumzia ile ya Amerika Kusini, yenye majani marefu kama mikanda na bua tupu katikati kama mrija.

Ndani ya kitunguu

Ukikipasua kitunguu cha amarili katikati, utaona matabaka kama ya kitunguu maji. Kila tabaka ni kitako cha jani, ama lililopo sasa ama lililokwisha kauka zamani, na humo ndimo akiba ya chakula inamowekwa. Katikati kabisa kuna kitu cha kushangaza: matumba ya maua yajayo, madogo sana, yamejipanga kwa zamu. Mmea huu hukua kwa vipande. Kwa kawaida hutengeneza majani manne, kisha ua. Tena majani manne, kisha ua. Tumba moja huchukua mwaka na zaidi tangu kuanza kuumbika ndani mpaka kutokeza nje. Kwa hiyo lile ua ulilolifurahia Desemba liliumbwa muda mrefu kabla hujalinunua, kwa chakula kilichopikwa na majani ya shamba la mtu mwingine.

Kutoka hapo mambo yote yanafuata. Kuchanua ni matumizi. Bua limepanda nusu mita, maua manne yamefunguka, na kitunguu kimetumia akiba yake. Ukikibonyeza baada ya maua utakiona kimelegea na kupungua. Majani ndiyo yatakayoirudisha akiba hiyo kwa kutumia mwanga, maji na hewa, kazi ambayo vitabu vya shule huiita usanisinuru. Miezi ya majani ikiwa michache au ya njaa, kitunguu hubaki kidogo, na tumba lililomo ndani hukauka humo humo bila mtu kulijua.

Mwaka wangu wa kwanza niliyakata majani. Yalikuwa marefu, yamelala huku na huku, yanakamata vumbi, nikachukua mkasi wa jikoni nikayapunguza "yapendeze". Nilikaa miaka miwili sijaona ua. Mwaka wa tatu, nilipokuwa nimeyaacha yajiendee, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwanamke wa makamo ambaye kwake hakuna kitu kisicho na kazi, alipanda akayatazama kwa muda.

"Mwanangu, manyasi haya wayawekeani?"

"Yapika, mama. Hapo ndipo jikoni kwake."

Akacheka, lakini kesho yake aliniletea uzi wa katani niyafungie.

Siku chache za kwanza

Ua likishalegea, likate lenyewe pamoja na kile kifundo cha kijani kilicho nyuma yake. Kifundo hicho ndicho kifuko cha mbegu, na kikiachwa kitavimba na kuvuta chakula ambacho ungetaka kiende chini. Bua usilikate bado. Lingali la kijani, nalo pia linapika. Litakapogeuka manjano na kulainika, likate sentimita 3 hadi 5 juu ya kitunguu, na uwe na kitambaa mkononi, kwa maana bua hili lina tundu na hutoa maji mengi usiyoyatarajia. Maji hayo huwasha ngozi za watu wengine. Osha mikono.

Ukiwa na hamu ya mbegu, kiache kifuko kimoja. Kikikomaa hupasuka sehemu tatu na kumwaga mbegu nyeusi, nyembamba kama majivu ya karatasi. Zipande mbichi mbichi, hazingoji. Ila ujue hutapata ua lile lile. Amarili za madukani karibu zote ni machotara. Aliyeanza mtindo huo mwaka 1799 alikuwa fundi saa wa mji wa Prescot, Uingereza, Arthur Johnson, na tangu hapo watu hawajaacha kuyachanganya. Mbegu yako inaweza kutoa rangi yoyote iliyo katika ukoo, baada ya kuingojea miaka miwili, mitatu, hata minne. Mimi sina subira hiyo.

Miezi ya majani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo Mombasa ina faida na hasara zake.

Mwanga kwanza. Sebuleni pazia likiwa limeshushwa, majani hurefuka kwa kuutafuta mwanga na kulala kama mtu aliyeshiba pilau. Yatoe nje. Baraza linalopata jua la asubuhi mpaka saa nne hivi ndilo zuri kuliko yote. Jua la saa saba la Februari, kaskazi ikipuliza na saruji ya sakafu ikichoma nyayo, litayababua majani yaliyokuwa yamezoea kivuli. Yazoeshe wiki mbili: kwanza kivulini, kisha jua la mapema, kisha zaidi kidogo. Anayekaa karibu na bahari ana jambo jingine la kuangalia. Upepo wa kusi hubeba chumvi, nayo huacha ncha za majani zikiwa kahawia kama zimeunguzwa. Kuyasuuza kwa maji baridi mara moja kwa wiki kunatosha.

Maji ni mtihani mkubwa zaidi. Si kwa wingi wake tu, ni kwa aina yake. Nyumba nyingi hapa hutegemea kisima au maji ya kununua pale mfereji unapokauka, na maji ya visima vya kisiwani mara nyingi yana chumvi. Ukimwagilia maji hayo miezi sita utaona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu na juu ya mchanga. Chumvi hiyo huzuia mizizi kunywa, hivyo mmea unakufa kwa kiu ilhali umerowa. Dawa yake ni mvua. Masika yakishuka, viweke vyungu nje vipigwe mvua kubwa mbili tatu hadi maji yatiririke chini, chumvi ioshwe. Mimi pia hukinga maji ya mvua kwenye ndoo, nikayatunza kwa ajili ya miezi mikavu.

Kumwagilia kwenyewe: tia kidole mchangani mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, ondoka. Maji yaende mchangani, yasiingie katikati ya shingo ya kitunguu panapotokea majani, kwani hapo yakituama huoza. Sahani ya chini ya chungu imwage kila mara. Hili si la mmea peke yake. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya huzaliana katika maji matulivu machache kama hayo, na waliokuwapo Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, viungo vikiuma hata kusimama tabu, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Udongo. Kisiwa hiki kimekaa juu ya tumbawe, na mchanga unaouchota uani umejaa vipande vyake. Udongo wa tumbawe una chokaa, na penye chokaa nyingi mmea hushindwa kuyafyonza madini ya chuma ingawa yamo. Dalili yake ni jani changa kutoka la manjano huku mishipa yake ikiwa ya kijani. Watu wakiona manjano huongeza maji, na maji hayo ndiyo yanayomalizia. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za udongo mwekundu wa kununua, sehemu moja ya mbolea ya mbuzi iliyooza sawasawa hata haina harufu, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa siku mbili, maji yakibadilishwa, maana makumbi nayo yanaweza kuwa na chumvi. Makumbi hufanya udongo uwe mwepesi, upitishe maji na bado ushike unyevu kidogo.

Chicha usitie. Najua nyumba nyingi hazitupi chicha mpaka imepita mahali fulani, na kuku huipenda, lakini kwenye chungu huvuta sisimizi. Sisimizi nao huja na mifugo yao, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba wanaojificha kati ya magamba ya kitunguu na kufyonza utomvu. Ukishawapata hao, kazi yako ni kuwafuta mmoja mmoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, wiki hata wiki.

Mbolea ya dukani si lazima, ila husaidia. NPK ya 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), ile ya chengachenga, nusu kijiko cha chai katika lita 5 za maji, kila baada ya wiki mbili katika miezi ya majani, yatosha. Mmea uwe umekwisha mwagiliwa maji matupu kabla, mizizi isiungue. Jihadhari na mbolea za naitrojeni peke yake, kama CAN na yurea: zitakupa majani makubwa, laini, ya kupigia picha, na ua halitakuja.

Chungu kisiwe kikubwa. Hili huwashangaza watu wanaodhani wanauonea huruma mmea. Nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati ya kitunguu na ukingo inatosha, na theluthi ya kitunguu hadi nusu ikae juu ya udongo, wazi, ipigwe na hewa. Katika chungu kikubwa udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji, na kwa unyevu wetu wa Mei kitunguu kizima kinaweza kuwa uji kwa siku kumi. Kihamishe kila baada ya miaka miwili au mitatu, bila kuikata mizizi minene, maana hii si ya msimu mmoja.

Kalenda ya pepo mbili

Sasa turudi kwenye ile Septemba ya Wazungu. Kwa nini wao wanakilaza kitunguu mwezi huo? Kwa sababu wanataka ua la Krismasi, na kwa sababu baridi na giza vinakuja na majani yangedhoofika hata hivyo. Kule kwao ubaridi wa nyuzi 13 kwa wiki 8 hadi 10 hutumika kuyasimamisha majani na kuvifanya vitunguu vyote vichanue pamoja, jambo la maana mno kwa mkulima mwenye shehena ya kuuza. Lakini mmea wenyewe, ulikotoka, haujui chumba cha chini ya ardhi. Aina nyingi za mwituni hupumzika wakati wa ukame na kuchanua mvua zinapokaribia. Ukame tunao. Urefu wa mchana nao usikuhangaishe: amarili haisubiri mchana uwe mfupi, na Mombasa, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ni karibu nusu saa.

Kwa hiyo ratiba ya hapa naipanga hivi. Kitunguu kilale wakati wa kaskazi kavu, Desemba mwishoni mpaka Machi mwanzoni, Januari na Februari zikiwa katikati yake. Kiamke kabla ya masika, kichanue Machi au Aprili. Majani yafanye kazi katika masika yote, yaendelee katika kipupwe cha Julai na Agosti, ambacho kwa mmea huu ni hali ya hewa ya peponi, kisha yafaidi vuli ya Oktoba na Novemba. Hiyo ni miezi minane ya kupika kwa miezi miwili na nusu ya kulala. Ukifuata Septemba ya kwenye simu, utakuwa umekikausha kitunguu halafu vuli inakuja kukirowesha kikiwa usingizini, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Hapa pana mtego, tena ndio uliowanasa wengi. Kitunguu ulichokinunua Desemba kimechanua Desemba. Januari, kwa mujibu wa ratiba yangu, ni wakati wa kulala. Je, ukilaze? La! Kimetumia akiba na hakijapika kitu. Mwaka huo wa kwanza ukiruke usingizi. Mwagilia kaskazi nzima, kipe kivuli cha mchana, kilishe masika, kilishe kusi, kilishe vuli, na ukilaze Desemba inayofuata. Ua lake ulitegemee Machi ya baada ya hapo, yaani karibu miezi kumi na mitano tangu lile la kwanza. Anayelitegemea Krismasi ijayo atakata tamaa mapema na kukipeleka pipani, na mimi nitakipita asubuhi nikienda kununua mahamri.

Kukilaza, na habari ya kapu la jikoni

Desemba ikielekea mwisho, punguza maji wiki moja, kisha acha kabisa. Majani yatageuka manjano yenyewe. Yakikauka yakate; yakigoma kukauka, usipigane nayo, maana machotara mengine hayapendi kuvua majani yote. Chungu kihamishie mahali pakavu pasiponyeshewa, penye hewa: chini ya ngazi, pembe ya baraza lenye paa. Giza si sharti. Mchanga uwe mkavu kabisa. Papilio, yaani ile aina yenye mistari ya zambarau kama kipepeo, usiilaze hivi. Hiyo huweka majani mwaka mzima, nayo ipunguzie tu maji.

Njia ninayoipendekeza ni kukiacha kitunguu ndani ya chungu chake hata kikiwa kimelala. Wengine hukichimbua, wakakikung'uta mchanga na kukiweka kapuni. Usifanye hivyo katika nyumba ya Mombasa. Kitunguu cha amarili kikishakauka magamba yake ya nje kinafanana mno na kitunguu maji, na kapu lililo karibu kila mara ni lile la jikoni. Ndani yake mna sumu iitwayo likorini, na kwenye kitunguu ndiko ilikojaa zaidi kuliko sehemu nyingine za mmea. Mtu akila hutapika, huumwa na tumbo, huharisha, na kuipika hakukufanyi uwe salama. Nyumba zetu zina wapishi wengi: leo mama, kesho shangazi aliyekuja kusaidia kwa ajili ya arusi, keshokutwa kijana aliyetumwa "niletee vitunguu vitatu". Huyo kijana hatauliza. Kama huna budi kukichimbua, kifunge kwenye gazeti, andika kwa wino mzito, kiweke kabatini mbali na chakula. Paka na mbwa nao hudhurika, na kwa idadi ya paka wa Mji wa Kale, chungu kiwe juu ya ukuta au kwenye kiango, kisiwe sakafuni.

Baada ya wiki 8 hadi 10, mara nyingi utaona ncha ikichungulia shingoni. Ikiwa nene na yenye kichwa mviringo mfano wa ulimi, hilo ni bua. Ikiwa nyembamba na bapa moja kwa moja, hilo ni jani. Mwagilia mara moja, kidogo, kisha ngoja mpaka ikue kama kidole ndipo urudie. Maji mengi mwanzoni huleta majani mbele ya ua.

Na kikikataa kuchanua

Chukua futi ya fundi cherehani ukizungushe kitunguu kiunoni. Chini ya sentimita 20 hivi, usikilaumu, hakijafika umri. Vile vinavyouzwa kwa bei kubwa huwa sentimita 26 na zaidi, na vikubwa kabisa hupita 34, ambavyo hutoa mabua mawili hata matatu. Kama kimezidi 20 na bado hakitoi, hesabu majani ya mwaka uliopita. Yakiwa manne au chini ya hapo, shida ni mwanga au chakula. Yakiwa mengi na mapana lakini ua hakuna, tazama mbolea uliyotia.

Madoa mekundu kama kutu kwenye majani na bua ni ugonjwa wa kuvu, unaopenda majani yaliyolala na maji. Mwagilia asubuhi, sogeza vyungu viachane, kata palipoathirika. Mistari ya manjano isiyofutika jani zima, kila mwaka, ni virusi, na hiyo haina dawa. Tupa pamoja na udongo. Na ukiamka ukute majani yameliwa hadi shina kwa usiku mmoja, tafuta viwavi weusi wenye madoa meupe au ya manjano. Wanaijua jamii hii nzima ya maua na hawali kitu kingine kwa hamu kama hiyo. Waokote kwa mkono, tena mapema, kabla hawajatoboa kuingia ndani.

Vipi kuhusu vitunguu vingine vinavyoletwa kama zawadi? Tulipu na hayasinti zikishachanua, ziage kwa heshima. Zinahitaji wiki 12 na zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 9 ili zichanue tena. Friji inaweza kutoa baridi hiyo, lakini embe na ndizi mbivu zilizo humo hutoa gesi ya ethilini inayoliua tumba changa, na sijui nyumba ya pwani itakayoitoa embe kwenye friji kwa ajili ya tulipu. Nargisi nyeupe iliyokuzwa kwenye bakuli la maji na kokoto haihitaji baridi, lakini imekwisha kujila yenyewe. Nayo iage.

Kuna mmoja ambaye si mgeni hata kidogo. Katika misitu na vichaka vya Afrika, vya Kenya vikiwamo, hutoka ua la kitunguu lenye kichwa chekundu cha mviringo, nyuzi tupu, kama brashi ya kusugulia chupa iliyokunjwa ikawa mpira. Kisayansi ni Scadoxus multiflorus. Mvua za kwanza zikigusa ardhi huchomoza, ua kwanza, majani yakilifuata nyuma, kisha ukame ukija hutoweka lote, hata huwezi kujua lilikuwa wapi. Ukiliweka kwenye chungu, weka alama, la sivyo utapanda bilinganya juu yake. Kulitunza ni kama amarili, ila lenyewe hupendelea zaidi kivuli cha mti, na ratiba yake halihitaji kufundishwa na mtu. Sumu yake pia ni ya ukoo ule ule.

Mwezi uliopita niliwatenga wale watoto watatu wa kitunguu kutoka kwa mama yao, kila mmoja na mizizi yake. Kitoto kimoja nikamshukia nacho jirani. Alikipokea, akakigeuza, akaingia ndani na kurudi na futi yake ya ushoni, akakizungusha kiunoni.

"Kumi na moja," akasema. "Bado mtoto huyu. Na kikapuni sikitii."

Akakichimbia kwenye kopo la samli lililotobolewa chini, kitako ndani, mabega nje.